Kuacha Nafasi ya Chuo Baada ya Kuikubali

Kwetu Machakos, kijana akipata nafasi ya chuo, nafasi hiyo si yake peke yake. Desturi ya mwethya, iliyochimba matuta katika vilima vyetu miaka ya 1950, ndiyo hukusanya karo hata leo. Mama mmoja huleta kuku, mwingine debe la mbaazi, na karani huandika kila shilingi daftarini. Mimi ndimi karani wa kikundi chetu.

Mpwa wangu alipewa nafasi ya kusomea ualimu katika chuo kikuu kilicho mbali, upande wa magharibi. Akaikubali, na karo ya kwanza ikalipwa kwa fedha za kikundi. Wiki mbili kabla ya kwenda, baba yake alipooza upande mmoja, na nyumbani hapakuwa na mwingine wa kumwinua. Kijana akataka kuhamia Chuo Kikuu cha Machakos, kilichopata hati yake mwaka 2016, ili alale nyumbani.

Baba zake wadogo walimshauri asiende, wala asiseme neno. Wazee wengine waliona haya tupu. Wao wakumbuka kwamba kabla ya chuo cha ufundi cha Nairobi kufunguliwa mwaka 1956, Mkenya aliyetaka elimu ya juu bila kuvuka bahari alitazamia Makerere, na nafasi haikuchezewa. Mimi sikuona haya katika kuacha. Niliogopa kule kunyamaza. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, katika sehemu yake ya karo, hupelekwa chuoni moja kwa moja, na deni huandikwa kwa jina la mwanafunzi. Basi kijana akaomba uhamisho siku zake zingali wazi, akamwandikia msajili wa chuo cha kwanza, na nakala akaipeleka kwa Bodi. Chuo kikajibu kwamba karo iliyolipwa hairudishwi.

Ikabaki kuwaambia wenye fedha. Alisimama mkutanoni, stakabadhi mkononi. Mjane mmoja, aliyekuwa ameuza mbuzi, akamwuliza, "Mwanangu, mbuzi wangu yu wapi?" Kijana hakujitetea. Alisoma kiasi kilichopotea, akaeleza hali ya baba yake, akakaa.

Walibishana mpaka jua likaelekea kuzama. Wengine walitaka alipe, wengine walisema ugonjwa hauna mshitakiwa. Mwisho waliamua kwamba hatadaiwa kitu, lakini jina lake liende chini ya orodha, nyuma ya watoto wanne waliokuwa wakingoja. Niliona uamuzi huo mgumu kwa mtoto wa dada yangu. Niliuandika kama ulivyosemwa.

Uhamisho ulikubaliwa. Alianza masomo hapa Machakos kwa bei ya ng'ombe wa baba yake, naye humnawisha mzee kabla ya kupanda matatu ya asubuhi. Katika daftari jina lake ni la tano.