Dalali ametumwa na nani?

Haya jamani, wiki hii nimezunguka Sinza na Kijitonyama natafuta chumba na sebule. Nyumba sijapata, ila nimepata swali.

Aliyewahi kupanga Dar anajua hesabu yake. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, dalali anataka ya mwezi mmoja, na kabla hata hujaona mlango kuna hela ya kuonyeshwa. Zote zinatoka mfuko mmoja, yaani wako.

Nikamuuliza mmoja wao, "Kaka, hivi unamfanyia kazi nani, mimi au mwenye nyumba?" Akacheka, "Wote, bosi wangu." Dakika tano baadaye namsikia kwenye simu: "Mzee, huyu ana haraka, usishushe."

Ndugu zangu, mjumbe hauawi, sawa. Lakini kila mjumbe ana aliyemtuma. Wenzetu wameligeuza swali hili kuwa sheria.

Ujerumani, kwa miaka mingi mpangaji alimlipa dalali hadi kodi ya miezi miwili pamoja na VAT, hata kama aliyemwita dalali ni mwenye nyumba. Tangu tarehe 1 Juni 2015 sheria ni fupi: aliyemwita ndiye anayelipa. Uingereza nao, tangu tarehe 1 Juni 2019, wakala haruhusiwi kumtoza mpangaji hela ya kuonyeshwa nyumba wala ya kuandikiwa mkataba.

Marekani kila jimbo linatoa leseni zake. Huko muuzaji ana wakala wake na mnunuzi anaweza kuwa na wake. Baada ya kesi kubwa dhidi ya chama chao, National Association of Realtors, kuanzia Agosti 2024 wakala wa mnunuzi aliye chini ya utaratibu huo lazima waandikiane mkataba unaotaja malipo yake kabla ya kwenda kuona nyumba. Na tusiende mbali, majirani zetu Kenya wana Sheria ya Mawakala wa Nyumba ya mwaka 1984 na bodi ya kuwasajili.

Kwetu, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaeleza wajibu wa wakala kwa aliyemtuma. Tatizo ni kwamba mimi na dalali wangu hatukuandikiana hata mstari mmoja. Nikisema alikuwa wangu, nitathibitishaje?

Simchukii dalali. Naye anatafuta mkate, na jua la Dar analipata yeye kuliko mimi. Ila huwezi kupandisha bei kwa niaba ya mmoja na kuishusha kwa niaba ya mwingine kwa simu hiyo hiyo.

Basi kabla hujatoa hela ya kuonyeshwa, muulize katumwa na nani. Akisema "wote", usimtajie kiwango chako cha mwisho. Ukimtajia yeye, umemtajia mwenye nyumba.