Kupangua na Kupanga Upya

Msomaji wangu, mtu akitaja samaki wa pwani ya kusini ya Kenya, fikira za wasikilizaji huenda baharini moja kwa moja. Hukumbuka miamba ya Diani, au mashua zitokazo Shimoni kwenda Kisite, ambako wageni huinamisha vichwa majini watazame samaki wa kila rangi. Mimi sina ugomvi na bahari, kwani nimekua nikiisikia usiku na mchana. Walakini samaki walionifunza jambo ninalotaka kukueleza hawakuwa wa baharini. Walikuwa samaki wadogo wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, nao walikaa katika tangi la kioo sebuleni mwangu, Msambweni.

Tangi hilo lilikuwa na urefu wa sentimita 80, upana wa sentimita 35 na kimo cha sentimita 40. Nililipata kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa akihama. Chini nilitandaza mchanga, ndani nikapanda magugu ya maji, na pembeni nikaweka sponji iliyounganishwa na pampu ndogo ya hewa, ili maji yapite ndani yake yakichujwa. Samaki wenyewe walikuwa gapi 19. Gapi ni samaki mdogo kuliko kidole, asili yake Amerika ya Kusini, ambaye watu walimsambaza katika nchi nyingi wakitumaini kwamba atakula viluwiluwi vya mbu. Dume lake lina mkia uliopambwa kama kanga. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka saba, aliwajua samaki wale mmoja mmoja, kama mchungaji ajuavyo mbuzi wake.

Mwaka mmoja, Idi ilipokaribia, tuliamua kuipaka nyumba rangi, na tangi likawa halina budi kuondolewa kwa siku chache. Nitakueleza nilivyofanya, ili wewe usifanye hivyo.

Nilikuwa mwalimu wa sayansi, nimetoka chuo cha ualimu na cheti changu, na katika habari za usafi sikudhani kwamba yupo wa kunifundisha. Nilimwaga maji yote ya tangi, maana yalikuwa na rangi ya chai nyepesi. Mchanga niliuosha kwa maji ya moto mara nne, mpaka ukawa mweupe. Sponji ilikuwa imejaa utelezi wa rangi ya udongo. Nikaikamua chini ya bomba, nikaisugua, kisha nikaianika juani siku mbili. Muda huo wote samaki walingoja katika ndoo. Rangi ya kuta ilipokauka nililipanga tangi, nikalijaza maji mapya, nikawarudisha wenyewe ndani. Maji yaling'aa hata ungeweza kuhesabu chembe za mchanga. Mke wangu alisifu, majirani walisifu, nami nilijisifu zaidi yao wote.

Siku ya tatu samaki walipanda juu, wakawa wanahema kwa haraka kama watu waliokimbia. Niliongeza chakula, nikidhani wana njaa. Kumbe nilikuwa naongeza sumu. Alfajiri ya siku ya tano niliwakuta 14 wamekufa. Binti yangu alisimama mbele ya kioo muda mrefu, kisha akaniuliza, "Baba, kwani maji hayakuwa masafi?"

Sikuwa na jawabu. Mwalimu aliyezoea kuuliza maswali ubaoni alikuwa ameulizwa swali moja na mtoto wake, na likamshinda.

Jawabu nililitafuta vitabuni, nalo ni hili. Samaki hutoa amonia kwa kupumua na kwa uchafu wake, na chakula kinachobaki kikaoza hutoa amonia vilevile. Amonia ni sumu kwake, hata ikiwa kidogo sana. Katika tangi lililokaa muda mrefu samaki hawadhuriki, kwa sababu wapo bakteria wasioonekana kwa macho wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa, nayo mimea huitumia kama mbolea. Mnamo miaka ya 1890 na 1891, Sergei Winogradsky, mwanasayansi wa Urusi aliyekuwa akifanya kazi Uswisi, alionyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na viumbe hai, tena kwa hatua mbili, kila hatua na bakteria wake. Basi bakteria hao hawaelei majini kwa wingi. Hushikamana na mchanga, mawe, na hasa sponji. Ule utelezi niliousugua kwa juhudi ndio uliokuwa uhai wa tangi. Maji ya moto, dawa iliyomo katika maji ya bomba, na jua la siku mbili viliwaua karibu wote. Wapya huchukua wiki nne hadi sita kuenea tena, na samaki wangu hawakuwa na wiki sita za kungoja.

Miaka miwili baadaye samaki watano waliosalia walikuwa wamezaana na kuwa zaidi ya 20. Ndipo sakafu ya sebule ilipopasuka na kuanza kudidimia upande ule uliokaa tangi. Fundi akasema, "Mwalimu, nipe chumba kitupu siku tatu. Nitabomoa, nimwage zege, likauke." Nilikubali, lakini safari hii nilijipanga kwanza.

Siku mbili kabla ya kazi sikuwalisha samaki, ili wasichafue maji ya ndoo. Samaki mzima hadhuriki kwa njaa ya siku mbili. Siku yenyewe nilivuta nusu ya maji ya tangi kwa mpira, nikayahifadhi katika pipa safi lisilowahi kutiwa sabuni. Nilitoa mawe na magugu, maji yakabaki kina cha shubiri, nikawateka samaki kwa kimia cha mkono bila kuwakimbiza. Niliwatia katika beseni pana lenye maji yao ya zamani, nikalifunika kwa kitambaa, nikaliweka kivulini. Sponji sikuikamua, niliihamisha ilivyo na utelezi wake ndani ya beseni lilelile, na pampu ikiendelea kuipitishia hewa. Mchanga niliusuuza kidogo kwa maji ya tangi lenyewe, nikauacha umelowa. Mwisho, tangi likiwa tupu, mimi na fundi tulilibeba kwa kushika chini yake. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na tangi lile likijaa hupita kilo 100. Anayelinyanyua na maji yake hupasua viungo vya kioo, na huenda akaumia mgongo.

Usiku wa pili umeme ulikatika. Pampu ilinyamaza, na katika ukimya ule nilikumbuka wale 14. Samaki wengi ndani ya beseni dogo humaliza hewa upesi, na bakteria nao, wakikosa hewa, hufa. Binti yangu aliamka, akaleta kata ya kifuu kutoka jikoni. Tukawa tunateka maji na kuyamimina kutoka juu, ili yachanganyike na hewa yakianguka. Alimimina yeye, nikamimina mimi, kwa mwanga wa taa ya kandili, mpaka karibu na adhana ya alfajiri umeme uliporudi. Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi. Hakuna samaki hata mmoja aliyekufa.

Sakafu ilipokauka tulilirudisha tangi mahali pake. Mchanga ukatangulia, kisha maji ya zamani yaliyokuwa katika pipa, kisha maji mapya ya kisimani yaliyolala usiku mzima yakapata joto la chumba. Maji ya kisima chetu hutoka katika mwamba wa matumbawe, yana chokaa nyingi, na gapi huyapenda hayo. Samaki tuliwarudisha polepole, tukiwaongezea maji ya tangi kikombe kimoja kimoja ndani ya bakuli mpaka wakayazoea. Wiki ya kwanza tuliwalisha kidogo mno. Maji yalikuwa na ukungu siku mbili, wala hapana jirani aliyelisifu tangi. Lakini samaki waliishi.

Masika yaliyofuata niliwachukua wanafunzi wangu kwenye madimbwi ya kando ya njia iendayo Ramisi na Lunga Lunga. Mahali ambapo miezi michache nyuma palikuwa na udongo uliopasuka kwa ukame, sasa palikuwa na maji, na ndani yake vijisamaki vya urefu wa nusu kidole, madume yakiwa na mikia myekundu. Wataalamu huwaita Nothobranchius. Aina mojawapo iliyopo pwani hii ni Nothobranchius palmqvisti. Mzee mmoja aliyekuwa akipita alituambia, "Hao wanangu, huja na mvua." Sikumbishia, maana hakukosea sana. Samaki hao hutaga mayai ndani ya matope. Kiangazi kikija dimbwi hukauka, na wakubwa wote hufa. Walakini mayai hubaki hai ndani ya udongo kwa miezi mingi, yakingoja. Mvua ikinyesha huanguliwa. Dimbwi hupanguliwa na kupangwa upya kila mwaka, na kinachovuka kiangazi kimo ndani ya tope. Niliwaonya wanafunzi vilevile kwamba mtu anayeondoa tangi lake asiwamwage gapi humo, kwani mgeni huyo hula makinda ya wenyeji na kuwanyang'anya chakula.

Tulipokuwa tukirudi nilinyamaza njia nzima, kwa kuwa dimbwi lile lilinikumbusha jambo ambalo si la samaki. Nilipofika shule yangu ya kwanza, nikiwa na umri wa miaka 23, nilirithi darasa la mwalimu mzee aliyestaafu. Kila Ijumaa alikuwa akiwaacha wanafunzi wakae chini ya mwembe, waliojua kusoma wakiwasomesha wasiojua, wakitegeana vitendawili na kucheka. Niliona fujo. Katika juma la kwanza nilifuta yote. Nilipanga madawati kwa mistari, nikabandika ratiba mpya ukutani, na darasa likang'aa kama lile tangi langu la kwanza. Wavulana watatu ambao hawakujua kusoma vizuri, na ambao wenzao waliwasaidia chini ya ule mwembe, walianza kukosa shule. Wawili niliwafuata nyumbani wakarudi. Mmoja hakurudi tena. Kwa miaka mingi nilisema kwamba alikuwa mvivu. Sasa sisemi hivyo.

Sikuambii, msomaji, kwamba uchafu ni mwema, wala kwamba la zamani halifai kuguswa. Sakafu iliyodidimia haina budi kubomolewa, na ukuta uliochakaa hupakwa rangi. Wewe pia utapangua mengi: utahama shule, utaondoka kijijini kwenu uende mjini, utashika kazi iliyoanzishwa na wengine. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujamwaga kitu chochote, uliza kwanza ni nini kinachoishi ndani yake, na ni nani anayekitegemea. Ukishajua, kitunze kikiwa kimelowa na chenye hewa mpaka kazi iishe, hata kama itakubidi ukeshe na kata mkononi.

Tangi lingali sebuleni kwetu. Kila tunapotaka kulisafisha, binti yangu hunitangulia na beseni na kusema, "Baba, sponji kwanza." Nami humtii.