Watu wa nyumba yako ni wangapi?

Karibu kila mwezi napata maulizo kutoka kwetu, Uvira, Baraka na Fizi, na mengine kutoka kambi ya Nyarugusu upande wa Tanzania. Yote yanafanana: "Wewe uliyefika Marekani pamoja na jamaa yako nzima, ulifanyaje?" Wengine wanataka jina la karani. Wengine wanauliza bei. Nitawajibu wote hapa mara moja, lakini siwezi kujibu bila kueleza habari ya kijana mmoja wa nyumba yangu, kwa maana safari yetu yote ilisimama juu ya swali moja: huyu ni nani kwako?

Tulivuka ziwa Tanganyika mwezi wa Novemba 1996, vita ilipokwisha kufika kwetu. Kambi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwezi ule ule. Nilikuwa na miaka 18. Nikaoa pale pale, nikafyatua matofali, nikajenga, nikazaa. Dada yangu mkubwa alibaki ng'ambo. Mumewe alipotea porini wakati wa vita ya pili, wala hatukusikia tena habari yake. Mwaka 2003 dada mwenyewe akafa kwa ugonjwa, na mama mmoja wa kijiji chetu akatuletea mtoto wake kwa mtumbwi. Alikuwa na miaka 2. Mke wangu alikuwa akinyonyesha mwana wetu wa kwanza. Aliwapakata wote wawili, huyu kushoto, huyu kulia, na mambo yakaisha.

Siku ya kumwandikisha kwenye kadi ya posho, karani aliuliza: "Na huyu ni wa nani?" Nikajibu: "Wangu." Kwa desturi zetu sikusema uongo. Mtoto wa dada aliyekufa ni wa nani kama si wangu? Karani akaandika: mtoto wa kiume. Mstari mmoja tu. Ulikaa kwenye kadi miaka 12.

Mwaka 2015 Marekani, Tanzania na HCR, yaani shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, walianza mpango mkubwa wa kuwapeleka Marekani Wakongo waliokaa Nyarugusu miaka mingi. Sikieni vizuri hapa, ninyi mnaouliza bei. Mkimbizi haendi kupiga hodi akasema: nipelekeni. HCR ndiyo iliyokuwa ikichagua na kutuma majina. Kisha walikuja makarani kutoka Nairobi, wakaandika habari ya maisha yenu tangu kijijini. Halafu walikuja maofisa wa Serikali ya Marekani wenyewe, na hao ndio waliokuwa wenye kukubali au kukataa. Kisha kulikuwa na uchunguzi wa usalama, alama za vidole, daktari na mafundisho ya siku chache juu ya maisha ya huko. Hakuna hatua hata moja inayouzwa. Nimewaona watu waliouza mbuzi na cherehani wakampa fedha mtu mwenye suti, na mpaka leo mtu yule hawajamwona tena.

Jina letu lilipotoka, furaha ilikuwa ya siku moja. Usiku nilikaa na kadi ya posho chini ya taa. Tulikwisha kuelezwa ya kuwa kwa sheria ya Marekani jamaa ya mtu ni mkewe au mumewe, na watoto wao wasiooa wala kuolewa, walio chini ya miaka 21. Bibi, shangazi, mpwa, hao wana faili zao wenyewe, hata kama wamekula chungu kimoja maisha yote. Na mpwa wangu, kwa karatasi, alikuwa mwanangu wa kuzaa.

Rafiki zangu walinishauri ninyamaze. "Ulimwandika tangu zamani, mwache alivyo. Ukiligusa neno hilo watakuita mwongo, mtabaki nyote." Shauri lao halikuwa la kijinga. Lakini nilikuwa nimesikia habari ya mwaka 2008. Mwaka ule Wamarekani waliwapima Waafrika waliokuwa wakiomba kuwafuata ndugu zao. Vipimo hivyo vinaitwa DNA: wanapangusa mate ndani ya shavu, wanajua huyu kazaliwa na yule ama hapana. Wakaona nyumba nyingi hazilingani na karatasi zao. Wakaifunga njia ile ya kufuatana mpaka mwaka 2012. Hakika walikuwamo waliouza nafasi za watoto wao waliokufa. Lakini nadhani walikuwamo pia wengi kama mimi, waliojibu "wangu" bila ubaya wowote. Mashine haitofautishi.

Nikamwambia mke wangu: kesho nakwenda kusahihisha. Akaniangalia kama mtu asiyenijua. "Unataka kumtoa mwanangu kwenye kitabu? Wewe ulikuwa wapi nilipomnyonyesha?" Siku tatu hakusema nami ila juu ya maji na kuni. Sikuwa na jibu. Niliogopa vile vile alivyoogopa. Ila niliona ya kuwa tukimpitisha kwa uongo, atakuwa mtoto wa uongo huo maisha yake yote, na siku yoyote mtu wa ofisi angeweza kuufunua na kumtenga peke yake. Siku ya nne mke wangu alivaa kitenge kizuri, akasema: "Twende wote."

Karani alisikiliza, akaandika muda mrefu, akafunga faili. "Mtangoja," akasema. Tulingoja mwaka mzima na zaidi. Jirani zetu walipanda basi moja baada ya moja, wakatuachia sufuria na mikeka yao. Kila basi lilipoondoka mke wangu aliingia ndani.

Lakini hilo silo lililokuwa gumu kuliko yote. Kwa mtoto asiye na wazazi kuna watu wa kulinda watoto, wanaochunguza kama ni heri kwake kusafiri na wale wanaomlea. Wanauliza jirani, wanatafuta mashahidi wa kifo cha wazazi, na wanamwuliza mtoto mwenyewe, faraghani. Na yeye hakujua! Alikuwa na miaka 14. Alijua kuwa ana shangazi fulani aliyekufa, basi. Tulipaswa kumwambia kabla ya watu wale kumwambia.

Tulimwita baada ya chakula. Nilianza kwa mbali, na ziwa, na mtumbwi, mpaka mke wangu akanikatiza akamwambia kwa maneno machache. Kijana alikaa kimya. Akauliza mama yake alikuwa anafananaje. Nikasema: "Jiangalie kwenye maji." Kisha akauliza neno ambalo sikulitazamia: "Basi kesho nikuite baba, ama mjomba?"

Nilimwambia: "Kwao sema mjomba, kwa kuwa ndiyo kweli. Nyumbani chagua mwenyewe."

Hakuchagua. Kuanzia usiku ule hakuniita kwa jina lolote. Alikuja mbele yangu ndipo akasema. Mke wangu aliendelea kumwita mama, lakini mimi, mwenye kutoboa neno, niliachwa bila jina. Na katika kungoja kule, kuna usiku nilioijutia kweli niliyoisema. Nasema hivi ili msifikiri ya kuwa nilikuwa mtu hodari.

Mwishoni mwa mwaka 2016 faili mbili zilikubaliwa pamoja, yetu na yake, zikiwa zimefungamanishwa ili tusafiri siku moja. Daktari alitupima, wakubwa tulipigwa picha ya kifua, kwa ajili ya kifua kikuu. Tukapewa siku ya kuondoka, mwezi wa Februari 2017. Tukagawa vitu. Tarehe 27 Januari Rais mpya wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha mapokezi ya wakimbizi kwa siku 120. Tukawaendea jirani kuomba sufuria zetu. Wengine walirudisha, wengine walicheka. Vyeti vya daktari vikaisha muda, tukapimwa tena, na mtoto aliyezaliwa katika kungoja akaongezwa. Tuliondoka mwezi wa Novemba, watu 8, kila mkubwa ameshika mfuko mweupe wenye herufi IOM, na deni la tiketi lisilo na riba. Deni lile tulianza kulilipa baada ya miezi michache, na tukalimaliza.

Sasa mnaniuliza kama mlango uko wazi. Mwezi wa Januari 2025 amri nyingine iliufunga tena, na watu waliokuwa na tiketi mkononi waliambiwa wasisafiri. Najua baadhi yao. Mlango ule unafunguliwa na kufungwa na mikono ambayo hatuioni. Yule aliyeniandikia juzi akiuliza kama amwandike mtoto wa marehemu kaka yake kuwa wake wa kuzaa, jibu langu amelisoma hapa, pamoja na gharama yake.

Tulipofika Louisville, katika jimbo la Kentucky, baridi ilikuwa imeanza. Juma la pili tulikwenda kuwaandikisha watoto shuleni. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, nami Kiingereza changu kilikuwa cha salamu tu. Kijana ndiye aliyenisomea. Alifika penye mstari wa kueleza mzee huyu ni nani kwa mwanafunzi. Alishika kalamu kitambo. Akaandika mjomba, kwa Kiingereza, herufi kubwa na safi. Kisha akanisogezea ile karatasi mezani.

"Baba," akasema, "tia sahihi hapa."