Njia Isiyo na Motakaa

Sisi tuliozaliwa Ugogo twaijua baiskeli. Ndiyo itupelekayo shuleni, ndiyo ichukuayo gunia la mtama hadi mashineni na mgonjwa hadi zahanati. Lakini hatukuwahi kuipanda kwa raha tu. Katika barabara kuu mwenye baiskeli hushika ukingo, sikio lake likisikiliza nyuma. Na lori likipiga honi, huruka mchangani yeye na baiskeli yake, akamshukuru Mungu kwa kubaki na mifupa mizima. Kwa hiyo, mwezi wa Juni mwaka 2023, tulipokuwa wageni wa walimu wa shule moja ya Normandy, kaskazini ya Ufaransa, na mwenyeji wetu akatuambia kwamba iko njia ndefu ya baiskeli ambayo motakaa haziruhusiwi kuifuata, tulidhani anatutania.

Kumbe ni kweli. Njia hiyo huitwa Avenue Verte, maana yake Njia ya Kijani. Zamani ilipita hapo reli ya gari la moshi kati ya Paris na mji wa Dieppe ulio ufukoni mwa bahari. Gari la moshi lilipoacha kupita, reli ziling'olewa, lami ikatandazwa mahali pake, na watu wakapewa njia ya miguu na ya baiskeli. Kutoka Forges-les-Eaux mpaka karibu na Arques-la-Bataille ni kadiri ya kilometa 45, na tangu mwaka 2012 njia hiyo imehesabiwa kuwa sehemu ya njia kubwa zaidi iunganishayo London na Paris. Tena, kwa kuwa gari la moshi haliwezi kupanda mlima mkali, wajenzi wa reli walifuata bonde na kulisawazisha ardhi yake. Basi hata mzee aweza kuipita pasipo kushuka na kusukuma.

Mwenyeji wetu ni mwalimu mzee aliyestaafu. Alituazima baiskeli ya mwanawe, tukaondoka Forges-les-Eaux asubuhi na mapema, umande ungali katika majani. Nchi ile ni ya upole. Hakuna mlima wa kutisha wala jangwa. Ni malisho ya kijani, ua wa miti kati ya shamba na shamba, miti ya matofaa, na ng'ombe weupe wenye mabaka ya kahawia, wanene hata sisi Wagogo, watu wa ng'ombe, tulisimama mara mbili kuwatazama. Mwenyeji wetu akacheka, akasema, "Mwalimu, ukisimama kwa kila ng'ombe hatutafika baharini leo." Mto Béthune huenda pamoja na njia, nao hauna haraka. Tulipita nyumba ndogo za matofali walimokaa zamani walinzi wa reli, na sasa zimepandwa maua. Tulikutana na mama mwenye mtoto katika kiti cha nyuma, na wazee wawili waliovaa kofia, na kila mmoja alitusalimu. Saa nzima ikapita hatukusikia honi hata moja. Shingo zetu, zilizozoea kugeuka nyuma, zikaanza kusahau kazi hiyo.

Lakini mtu asidhani ya kuwa nchi ya upole haijui maumivu. Tulipofika Neufchâtel-en-Bray tulinunua jibini ya mji huo, ambayo hufinyangwa kwa umbo la moyo. Watu husimulia kwamba wasichana wa zamani waliitengeneza hivyo ili kuwapa askari wa Kiingereza waliowapenda, katika vita vile virefu vya kale kati ya Waingereza na Wafaransa. Tukala tukicheka. Ndipo mwenyeji wetu akatuonyesha nyumba za katikati ya mji, akatuuliza kama hatuoni kwamba ni mpya kuliko kanisa. Tukasema twaona. Akatueleza ya kuwa mwezi wa Juni mwaka 1940, Wajerumani walipoingia, katikati ya mji paliteketea, na nyumba hizo zilijengwa upya baada ya vita. Akaelekeza mkono upande wa magharibi, kwenye msitu wa Eawy, akasema kwamba humo Wajerumani walijenga mahali pa kurushia makombora ya V1 kuelekea Uingereza, na ndege za Waingereza na Wamarekani zikapapiga mabomu. Sementi yake iliyopasuka ingali ikionekana katikati ya miti. Nasi tulikuwa tumeusifu msitu ule kwa uzuri wake.

Alasiri tulifika Arques-la-Bataille. Ni kijiji chenye magofu ya ngome ya kale juu ya kilima. Tulidhani tutaonyeshwa ngome, lakini mwenyeji wetu alipinda upande wa msitu, akaegemeza baiskeli yake, akavua kofia. Mbele yetu palikuwa na makaburi: majani yamekatwa, mawe meupe yamesimama kwa safu, na maua kati ya jiwe na jiwe. Tulikuwa tumekwisha kuona makaburi ya namna hiyo katika picha, tukajua ni ya askari wa Kiingereza. Tukaanza kusoma majina. Majina mengi hayakuwa ya Kiingereza. Yalikuwa majina ya watu weusi.

Tulisimama pale kwa muda, ulimi mzito. Watu hawa walitoka Afrika Kusini. Mwaka 1916 serikali ya Waingereza iliomba watu wa kazi, na kadiri ya watu 20,000 wakavuka bahari kuja Ufaransa. Hawakupewa bunduki, kwa kuwa wakubwa wao hawakutaka mtu mweusi ajifunze kumpiga mweupe. Walipakua meli bandarini, walikata miti msituni, walivunja mawe na kutengeneza reli. Na jioni walifungiwa katika kambi zenye ua ili wasichanganyike na wenyeji. Wengi walikufa kwa homa ya mapafu na kifua kikuu, mbali na jua lao. Wengine hawakufika kabisa. Meli iliyoitwa Mendi iligongwa na meli nyingine katika ukungu wa bahari ya Uingereza usiku wa kuamkia tarehe 21 Februari 1917, wakafa watu weusi zaidi ya 600. Kati yao alikuwamo Isaac Wauchope Dyobha, mchungaji, ambaye zamani alikuwa mwalimu kama sisi. Hapo Arques pana jiwe la ukumbusho wao, lenye maneno ya Kiingereza na ya lugha za Kusini mwa Afrika.

Mwenyeji wetu alituacha tusome, kisha akasogea, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, vita ile ilifika hata kwenu, sivyo? Je, makaburi ya watu wenu yako wapi?"

Hatukuwa na jibu.

Wasomaji, hatuna budi kusema jambo la nyumbani kwetu. Baba wa babu yetu alichukuliwa mwaka 1917 kuwa mpagazi. Hakuwa askari. Alitwikwa mzigo wa jeshi la Waingereza, akaondoka na wenziwe kwa miguu kuelekea kusini, mke wake akabaki na mtoto mdogo, ndiye babu yetu. Baada yao ikaja ile njaa kuu ambayo wazee wetu huiita Mtunya, maana vijana waliokuwa walime walikuwa njiani na mizigo, na chakula kilikwenda jeshini, na mvua ikakataa. Babu aliishi akawa mzee sana, wala hatukumsikia hata siku moja akimwita baba yake marehemu. Alisema tu, "Baba alikwenda." Matanga hayakukaliwa, kwa kuwa hakuna aliyeleta habari ya kifo. Sisi tulipokuwa watoto tulidhani hayo ni maneno ya uzee. Pale Arques, mbele ya jiwe la mtu wa kazi, lenye jina lake, ndipo tulipotambua ya kuwa babu yetu alikuwa akingoja miaka yote ile.

Nao walikuwa wengi. Hesabu ya serikali yenyewe ya wapagazi waliokufa katika Afrika ya Mashariki upande wa Waingereza ilipita 40,000, na wataalamu wengi wa historia husema kwamba kwa kweli walikaribia 100,000. Jina la Kariakoo huko Dar es Salaam ni jina lao, nasi hulitaja kila siku tukinunua nyanya na nguo, tusikumbuke. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri ya kuwa watu zaidi ya 100,000, walio wengi Waafrika na Waarabu wa Misri, hawakuandikwa majina kama walivyoandikwa weupe, ikaomba radhi. Kuomba radhi ni jambo jema. Lakini radhi haijui jina la mtu. Jina lajulikana na ukoo wake, nao ukoo husahau.

Jioni tulifika Dieppe, tukaketi juu ya mawe ya ufuko. Hakuna mchanga pale. Ni mawe ya mviringo yatelezayo chini ya mguu. Mwenyeji wetu alitueleza habari za tarehe 19 Agosti 1942, walipotua hapo watu kadiri ya 6,000, wengi wao wa Kanada, na vifaru vikakwama katika mawe hayo hayo. Kabla ya jua kupinduka Wakanada zaidi ya 900 walikuwa wamekufa au karibu kufa. Tukasikiliza kwa heshima, maana kila mama hulia kwa namna moja. Nao wana makaburi yao karibu na mji, na kila mmoja ajulikanaye ana jina lake. Mawimbi yakayasugua mawe, nasi tukanyamaza.

Tuliporudi nyumbani tulimwambia baba yetu yote tuliyoyaona. Alikaa kimya hata tukadhani tumemkosea. Kisha akasema, "Leta kalamu." Akatutajia jina la babu yake, na jina la baba yake, na majina ya watu wanne walioondoka naye siku ile, kama alivyoyapokea kwa baba yake. Tuliyaandika katika daftari la shule. Jumapili iliyofuata ukoo ulikusanyika, wazee wakamlilia aliyekwenda, baada ya miaka zaidi ya 100. Baba alipoondoka pale alitembea kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Tangu hapo tumewaagiza wanafunzi wetu kuuliza nyumbani kwao. Daftari lina majina 17. Si jiwe jeupe, wala hakuna maua kando yake. Mchwa waweza kulila, kwa hiyo tumeliandika mara mbili. Nanyi wasomaji, kama yupo mzee kwenu ajuaye jina la mtu aliyekwenda na asirudi, msingoje msimu wa mavuno upite. Mwendeeni kesho, kwa baiskeli au kwa miguu, na kalamu mfukoni.