Goti langu la Mabawa

KAMA una mtoto wa mwaka mmoja na miezi tisa na bado unajiita mkimbiaji, wacha nikuambie kitu, msomaji wangu: mkimbiaji nyumbani kwenu ni mmoja tu, na si wewe. Ni yule asiyetaka kuvaa viatu.

Wa kwetu tunamwita Bosi. Ijumaa ile saa 12 asubuhi tulikuwa stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, mimi, Mama Bosi na Bosi mwenyewe, safari ya Tanga. Tulikuwa tumejiandikisha wote wawili, mume na mke, kwenye mbio za barabarani za Jumapili, kilomita 21. Ofisini nilishatamba mpaka washikaji wakaweka dau la kreti mbili za soda. Nikimaliza, wananunua wao. Nisipomaliza, nanunua mimi.

Mtoto je? Mpango ulikuwa mwepesi. Bibi yake, yaani mama mkwe wangu, anakaa Mabawa. Atakaa na mjukuu saa tatu tu, sisi tunakimbia, tunarudi, tunakula wali wa nazi, basi. Mpango mzuri kabisa, ila aliyetwishwa mzigo hakuulizwa.

Kutoka Dar mpaka Tanga ni kama kilomita 350. Bosi alilala hadi Chalinze, akaamka Wami, akaliimbia basi zima hadi Mkata. Njia panda ya Segera, pale ambapo wa Moshi na Arusha wanakunja kushoto na wa Tanga kulia, tumbo lake likachafuka. Juisi yote ikamwagikia mzee aliyekaa jirani, kanzu nyeupe pee! Nilitamani basi lipasuke nizame barabarani. Mzee akajipangusa kwa leso, akasema, "Mtoto ni malaika, mwanangu. Nifungulieni dirisha tu." Hapo nikajua Tanga tumeshaanza kuifika.

Muheza tukanunua machungwa. Usipite Muheza bila machungwa, watu watakuuliza ulipita njia gani. Mchana tukashuka stendi ya Kange, tukachukua bajaji.

KARIBU MABAWA

Mabawa. Jina lenyewe linampa mkimbiaji moyo. Lakini hakuna anayeruka hapo. Ni mtaa wa watu wa kawaida, nyumba zenye baraza mbele, kinamama wa vitumbua asubuhi, watoto wanafukuzia mpira wa makaratasi. Na baiskeli. Tanga baiskeli bado ina heshima yake. Mzee wa kanzu anapanda, mwanafunzi anapanda, muuza mkate anapanda, na wote wanakupigia kengele kwa adabu. Anayetoka Dar anashtuka kidogo kuona mtu anakupita bila kukutukana.

Bibi alikuwa barazani. Alipomwona mjukuu akanyoosha mikono, "Mume wangu kaja! Na hawa waliomsindikiza mume wangu ni akina nani?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mwaonaje hali huko?"

Salama, salama. Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye mguu wake. Ulikuwa umefungwa kipande cha kanga, umevimba kama boga. Kwenye simu hakusema hata neno. Ndivyo walivyo mama zetu. Ukipiga simu wao ni wazima siku zote.

Usiku, Bosi alipokwisha kuzunguka ua mara kumi na kumfukuza jogoo wa jirani, bibi akasema kwa upole, "Mimi mume wangu nampenda, ila kwa mbio hizi simuwezi. Akitoka hapo barabarani na mguu huu, nitamkamata na nini?"

Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe, mtoto hajatimiza miaka miwili ya kunyonya, unakwenda kukimbia na wanaume barabarani? Majirani watasema nini?"

Kimya. Mama Bosi akainama, akaanza kumfunika mtoto chandarua. "Basi," akaniambia, "utakimbia wewe. Mimi nitabaki naye."

Aliisema kwa ile sauti ndogo. Wanaume mliooa mnaifahamu. Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu haraka, "Sawa."

JUMAMOSI YA MASHAKA

Siku moja kabla ya mbio mkimbiaji anatakiwa kupumzisha miguu. Ukiwa na Bosi, hilo sahau. Asubuhi tukaenda Mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kutoka mjini kwenye barabara ya Mombasa. Mapango yapo kumi, wageni wanatembezwa moja. Ni mawe ya chokaa yaliyochimbwa na maji kwa miaka isiyohesabika, ndani giza totoro, popo juu, na kuna sehemu watu huacha matambiko. Kwa mtu mzima ni bomba. Kwa Bosi ilikuwa kasheshe. Alipiga ukelele mmoja, pango likamrudishia sauti yake mara tatu, akadhani kuna mtoto mwingine humo analia. Akataka aletewe. Tulitoka kabla hatujafika popote, mimi nimembeba mgongoni, jasho linanitiririka kama nimeshakimbia hizo 21.

Ushauri wangu kwa wazazi: Amboni muende baada ya mbio, na msisahau tochi na mbeleko. Kigari cha kusukuma mtoto kiacheni nyumbani, mle hakina kazi.

Jioni tukaenda Raskazone. Hapo sasa ndipo pa mtoto. Upepo wa bahari, mapweza ya kuchoma, madafu, na mbele yako ghuba yenye kisiwa cha Toten, kile ambacho Wajerumani walikiita kisiwa cha wafu. Watu wengi wanaokoga pale hawajui kwamba pwani hiyohiyo ndiyo ilishuhudia mbio kubwa kuliko zote katika historia ya Tanga. Novemba 1914 Waingereza walishusha askari wao kutoka India, kama 8,000, waje kuuteka mji. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000 tu. Vita ilipopamba moto, nyuki wakatibuliwa mizingani, wakauma kila waliyemkuta. Waingereza walishindwa, wakarudi melini wameacha bunduki na risasi za kutosha jeshi jingine. Hakuna aliyewapimia muda, lakini nadhani walikimbia vizuri.

Nilikuwa naisimulia hadithi hiyo kwa mbwembwe, hakuna anayenisikiliza. Bosi alikuwa amechomoka anafuata maji. Mama yake nyuma yake, kanga kaikunja kiunoni, anakata mchanga hatua ndefu, nyepesi, bila kuhema. Akamdaka, akamrusha juu, wakacheka wote wawili.

Nikakaa pale na dafu langu nikakumbuka. Miezi minne ile, nani alikuwa anaamka saa 10 alfajiri, kanyonyesha usiku kucha, anafunga kamba za viatu gizani? Nani alikimbia kilomita 18 Jumapili moja ya mvua huku mimi nimejifunika shuka, eti nina mafua? Mimi mazoezi yangu makubwa yalikuwa kutamba ofisini. Mwenye mbio ni yeye. Tangu sekondari, na hapahapa Tanga, alikuwa anawakilisha shule yake. Mimi nilijiandikisha kwa sababu yeye alijiandikisha.

Dafu likaniingia vibaya.

GOTI

Usiku nikamwambia, "Mama Bosi, goti linaniuma. Nadhani ni lile pango."

Akanitazama. Miaka sita ya ndoa, mtu anakujua. "Goti lipi?"

"La... kulia."

"Linauma sana?"

"Siwezi kukimbia. Kimbia wewe. Nitabaki na mtoto."

Hakusema ahsante. Alitoka nje, akakaa huko kidogo, akarudi na macho mekundu, akaanza kubandika namba kwenye fulana yake kwa pini.

Tatizo ni kwamba nyumba za kwetu kuta zake zina masikio. Mama mkwe alikuwa amesikia habari za goti. Kwa adabu za ukwe hawezi kunikanda, kwa hiyo akamtuma binti yake alete kichupa cha mafuta ya karafuu na maagizo: apake, asugue sana, mpaka liwake. Nikasugua, msomaji. Goti zima kabisa, halina kasoro hata ya kuumwa na mbu, lilisuguliwa usiku ule mpaka likawa kama limemwagiwa pilipili. Ndiyo adhabu ya uongo.

JUMAPILI

Mbio zilianza asubuhi na mapema, na ni vizuri hivyo. Tanga ni tambarare, haina milima ya kukuua kama ile ya Moshi, lakini ina unyevu. Jua likishatoka baharini, hewa inakuwa kama blanketi lililoloweshwa. Mkimbiaji mgeni asidanganyike na barabara ilivyonyooka. Aanze taratibu, anywe maji kila anapoyakuta, na Jumamosi usiku aziache bajia na kachori hata kama zinamwita kwa jina. Nasema hivyo kwa kuwa mimi nilizila, goti likiwa limeshajiuzulu.

Nilisimama kando ya barabara na Bosi mabegani, nachechemea kidogo kila nikikumbuka. Mara bajaji ikasimama. Anashuka nani? Mama mkwe, mguu na kanga yake, fimbo mkononi.

"Nimekuja kumtazama mume wangu," akasema. Halafu akanitazama miguuni. "Goti laendeleaje, baba?"

"Afadhali kidogo, mama."

"Jana nilisikia ni la kulia. Leo wachechemea la kushoto."

Sikuwa na jibu. Yeye akaangalia barabarani, nikaona mdomo wake unacheka pembeni.

Wakaanza kupita. Vijana wa mtaani kila wakimwona mtu mwembamba wanapiga kelele, "Simbu! Simbu!" Tangu Alphonce Simbu aliposhinda dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, kwa kumpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, kila mkimbiaji Tanzania ni Simbu. Hata mzee mmoja wa miaka sitini mwenye kitambi aliitwa Simbu, akapunga mkono.

Kisha akatokea yeye. Karibu kilomita ya 15, uso mwekundu, fulana imeloa, hatua zilezile za Raskazone. Bosi akamwona.

Lo! Ukelele aliopiga ungetibua nyuki wa 1914. "Mamaaa!" Mikono yote miwili, machozi, makamasi. Nikaona hatua za Mama Bosi zinavunjika. Anapunguza. Kifuani maziwa yamelowesha fulana, mama yeyote aliyenyonyesha anajua kwa nini. Akasimama kabisa, kama hatua kumi kutoka tulipo, anamtazama mtoto, anaitazama barabara.

Mimi sikujua la kusema. Nikisema nenda, mtoto analia. Nikisema njoo, miezi minne imekwisha pale pale.

Mama mkwe akanipokonya mtoto. Akamkumbatia kifuani, akainua fimbo juu kama anafukuza mbuzi shambani.

"Nenda!" akapiga kelele, majirani zake wa Mabawa wote wanasikia. "Nenda mwanangu! Huyu ninaye mimi! Nenda!"

Mama Bosi akaenda.

Bosi alilia kwa dakika tano, akapewa chungwa la Muheza, akasahau. Bibi yeye hakusahau haraka. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema ni vumbi. Barabara ya lami, vumbi limetoka wapi, sikuuliza. Yeye kanihifadhia goti, na mimi nikamhifadhia vumbi.

Mama Bosi alimaliza kwa saa 2 na dakika 24. Simbu kule Tokyo alikimbia 42 zote kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, kwa hiyo hatumwambii. Lakini yupo Mtanzania mwingine, John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, na jina lake linatajwa hadi leo. Lile lilikuwa goti la kweli.

Mchana, wali wa nazi mezani, mtoto amelala kwenye titi, mama mkwe akaiomba medali aione. Akaipima mkononi, akaigeuza.

"Na fedha wamekupa kiasi gani?"

"Hakuna fedha, mama. Ni hiyo tu. Na kujiandikisha tulilipa wenyewe."

"Mbio zote zile, mwanangu? Na mlilipa ninyi? Kwa kibati hiki?"

Tukacheka mpaka Bosi akaamka. Lakini Jumatatu tulipofunga mizigo, medali haikuonekana. Tulitafuta chini ya kitanda, tukatafuta kwenye viatu vya Bosi. Mwisho nikainua macho. Ilikuwa sebuleni, imetundikwa kwenye msumari mmoja na picha ya marehemu baba mkwe.

Hatukuiomba. Kreti mbili za soda nimelipa mimi.