Kandege Kekundu ka Jikoni

Nyuma ya jiko letu hapa Nyarugusu, mama akipepeta mahindi, anakujaga ndege mmoja mdogo, sentimita kumi tu. Dume ni mwekundu kichwa na kifua, wekundu wa kufifia kidogo, kama kitenge kilichofuliwa mara nyingi. Mabawa ni ya kahawia, ubavuni ana nukta nyeupe ndogo sana, na jicho limezungukwa na duara la njano. Jike ni wa kahawia, wekundu wake ni kidogo tu karibu na mdomo na juu ya mkia. Wanaokota mbegu chini, miguuni pa watu, bila woga. Kiota wanaweka kwenye nyasi za paa au tundu la ukuta, ndani wanatandika manyoya. Hata kule Fizi walikuwepo.

Siku moja nikiwa na watoto wa klabu, tuliona baba mwekundu akilisha kinda linalomzidi ukubwa. Nikaeleza: kuna ndege mwingine, dume lake ni jeusi lenye mng'ao wa buluu na miguu myekundu. Jike lake halijengi kiota, linataga kwa huyu mwekundu. Kinda lake likifungua mdomo, ndani lina madoa kama ya watoto wa mwenye nyumba, basi linalishwa pamoja nao.

Halafu nikasema, kwa kuchekesha, "Huyo ni mwizi, anakula posho ya wenzake."

Wakacheka. Wawili wakatoa manati.

Mmoja hakucheka. Ana miaka 11, alifika bila wazazi, anaishi kwa familia iliyomchukua. Nilijua. Jina lake liko kwenye daftari langu. (Ndugu wa mashirika, cheti chenu cha semina ya ulinzi wa mtoto kiko ukutani kwangu.) Akainuka, akaenda. Siku nne hakuonekana.

Nikaenda kwao. Mama wa pale alikuwa anachagua maharage. Akasema mtoto anakula nusu sahani, anasema ameshiba. "Yaya, mlimwambia nini mtoto wangu?"

Nikamkuta bombani. Nikamwambia nilisema vibaya, tena nilisema nusu tu. Kinda lile halitupi watoto wa mwenye kiota nje, wanakua pamoja. Likiwa dume linajifunza wimbo wa baba aliyelilea, na hata likishakuwa jeusi, juu ya mti linauimba ule ule, likichanganya na kelele zake lenyewe.

Alisikiliza huku ndoo inajaa. Akauliza, "Na mama yake mweusi, anakuwaga wapi?"

Nikasema yuko karibu tu, anatafuta mbegu kama wengine. Najua si hilo alilokuwa anauliza. Akajitwisha ndoo, tukapanda njia bila kuongea.

Jumamosi alirudi klabuni. Manati nimeyakusanya yote, sita, yako kwenye sanduku la mipira.