Fundi, usifomati kwanza!

Leo tuongelee kitu ambacho wengi tunatembea nacho mfukoni: memori kadi.

Nikipita kwa mafundi wa simu Kawangware au Kibera, kesi ni ileile. Mtu ana kadi yenye picha za harusi au nyimbo za kwaya, ghafla inakataa. Dawa anayopewa ni moja: "Tufomati." Mimi husema ngoja kwanza, na sababu yangu ni ya kiufundi.

Memori ya flashi ya aina ya NAND, iliyobuniwa Toshiba miaka ya 1980, imegawanywa katika bloku, na kila bloku ina kurasa. Unaandika ukurasa mmoja mmoja, lakini kufuta ni lazima ufute bloku nzima. Kila ufutaji unaichosha bloku kidogo, hadi siku moja ishindwe kushika data.

Tena nyingine ni mbovu tangu kiwandani! Niliwahi kuwasha kibodi kipya cha Linux, logi ikaniorodheshea bloku mbovu kabla sijaandika hata baiti moja. Kibodi kilikuwa kizima kabisa. Kiwanda huzitia alama bloku hizo ili programu izikwepe. Kutupa chipu nzima kwa ajili ya bloku chache kungeifanya flashi iwe ghali mno.

Zinazoharibika baadaye ni kazi ya programu. YAFFS2, iliyotumika kwenye simu za kwanza za Android, huzistaafisha. UBI, iliyoingia Linux mwaka 2007, ndiyo naipenda zaidi kwa sababu haihukumu haraka. Kuandika kukishindikana, inahamishia data kwenye bloku nyingine, kisha ile yenye shaka inafanyiwa mtihani: inafutwa na kuandikwa mara kadhaa. Ikifaulu inarudi kazini, ikifeli inatiwa alama na haitumiki tena. Kwa kawaida UBI hutenga akiba ya bloku 20 kwa kila 1024.

Sasa turudi kwenye memori kadi. Ndani yake kuna kidhibiti kidogo kinachofanya kazi kama hiyo kimyakimya. Simu haioni bloku mbovu, inaona mfumo wa faili tu, kama vile FAT32. Akiba ikiisha, kadi nyingi hujifunga: zinasoma, haziandiki. Ndiyo maana unafuta picha, unachomeka tena, zimerudi. Si uchawi!

Kufomati hakuponyi bloku iliyochoka, kunaandika upya orodha ya faili tu. Na kama kadi bado inaandika, ndipo unapoipoteza njia ya kuzifikia picha.

Kwa mama wa Makina asiye na kompyuta wala pesa za bando la kupandisha picha mtandaoni, kadi ile ndiyo albamu ya familia. Kwa hiyo ikianza kukataa, nakili kila kitu siku hiyohiyo, ukianza na picha zisizoweza kupigwa tena.

Nanyi mafundi wangu, nakilini kwanza. Kufomati kutakuwepo hata kesho.